Nyumba ya Kwanza Mkono wa Kulia

Mto wa Sarbaz, kwenye nchi ya Wabaluchi, hauna adabu. Mwaka huu unapita hapa. Mwaka ujao, mvua ikipiga milimani, unaamka na kuhamia kule, kama mke aliyenuna akabeba godoro lake. Watu wa kijiji cha Kahurdap, ukingoni pake, wameuzoea. Lakini Mjomba Dadkarim hakuwa amekanyaga Kahurdap kwa miaka sita, na njia aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya miaka sita.

"Tukishavuka mto tu," alimwambia mpwa wake Granaz walipoteremka kwenye pikapu, vumbi la safari ya siku nzima kutoka pwani likiwa limewageuza wote wawili rangi moja, "nyumba ya kwanza mkono wa kulia. Mlango wa buluu, mitende miwili mbele. Hata kipofu anafika."

Granaz alijitwika kapu la samaki wakavu na halua, akamfuata. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama kwanza na kusema baadaye, tena akiulizwa.

Safari hii ilikuwa yake. Mjane mmoja wa Kahurdap, Bibi Mahpari, alikuwa amemposa kwa ajili ya mwanawe, Shahdost. Watu wa pwani na watu wa mtoni walikuwa wanajuana kwa jina tu. Baba yake Granaz alikuna kidevu siku mbili, kisha akasema, "Nenda na mjomba wako. Kaa siku tatu, fungua macho. Siku ya kuondoka mwambie mjomba wako neno moja, ndiyo au hapana, naye atalisema hukohuko. Hakuna neno la tatu." Basi neno hilo ndilo alilokuwa amelibeba, zito kuliko kapu.

Walipita nyumba moja yenye mlango wa buluu. Mwanamke mwenye kipini kikubwa cha dhahabu puani alikuwa amesimama kizingitini, anafuta mikono kwa nguo yake, anatabasamu. Granaz aliliona tabasamu lile likisubiri. Mjomba alipita kama upepo, macho mtoni. Granaz aligeuka nyuma, akaona tabasamu limekatika katikati kama uzi.

"Mjomba, yule mama..."

"Tuvuke kwanza, jua linatuacha."

Wakavuka. Maji yalifika magotini. Chini kidogo, penye kina, mamba wa pale alikuwa ameweka kichwa juu ya maji kama gogo lenye macho. Hawakumjali wala hakuwajali. Kahurdap mamba harushiwi jiwe. Yeye akiwepo, maji yapo.

Nyumba ya kwanza mkono wa kulia ilikuwa na mlango wa buluu na mitende miwili. Ukweli ni kwamba Kahurdap nzima ina milango ya buluu, maana rangi ililetwa pipa moja. Kabla hawajabisha, mwenye nyumba alitoka mbio, kilemba nusu amekifunga nusu kinamwagika begani.

"Karibuni, karibuni! Macho yangu yawe njia yenu!"

Jina lake Pirdad, ingawa wao hawakulijua bado, na mjomba alimdhania ndugu wa mjane aliyekuja kuwapokea. Mgeni haulizwi jina mlangoni. Hiyo ni kazi ya polisi. Mgeni hupewa maji, hukalishwa, kisha mkubwa wa msafara hutoa habari za safari, na humo ndimo mwenyeji hujua ni nani na ametoka wapi. Mbuzi alilia mara moja nyuma ya nyumba, halafu hakulia tena.

Wanaume walikaa ukumbini. Granaz aliingizwa ndani kwa mke wa nyumba, Zarmalek, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Kati ya chumba na ukumbi palining'inizwa mkeka wa ukindu, kila neno likipita. Zarmalek hakumuuliza Granaz kitu. Mdogo hatoi habari mkubwa hajatoa. Alimwekea mkate wa moto wenye samli, akamwangalia anavyokula.

"Kula, mwanangu. Mifupa yako inagongana."

Granaz akala. Na huku anakula, akatazama. Bibi Mahpari alikuwa mjane, hilo alilijua. Sasa huyu mbona ameita dirishani, "Baba watoto, kuni zimekwisha!" na baba watoto akaitikia? Tena mjane alikuwa na mwana mmoja tu, na ukutani pale palitundikwa viatu vya watoto jozi nne. Akakumbuka mama mwenye kipini. Akakumbuka tabasamu.

"Mungu wangu," alisema moyoni. "Tumekosea nyumba." Lakini tonge lilikuwa limekwisha teremka, na kilichomezwa hakirudi. Akalisukuma kapu la zawadi nyuma yake kwa kisigino, akalikalia, lisije likafunguliwa nyumba siyo.

Nje, Mjomba Dadkarim alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Katika ukoo wao hakuna mtu anayetoa habari kama yeye. Alianzia kwenye alfajiri ya kuondoka, akasema hali ya hewa. Akasema gurudumu lililotoboka na jinsi lilivyozibwa. Akasema mvua ilinyesha wapi na wapi haikunyesha, nani amekufa, nani amezaa, mbuzi wa nani wana kikohozi. Granaz alijikaza asimpigie kelele kupitia mkekani. Kumkata mtu habari ni sawa na kumvua nguo. Nyama ikaiva, ikaletwa, ikaliwa, na mjomba, kidole kimoja kwenye mchuzi, akafika mwisho.

"Basi tukaja kwa heri na salama, tukiwa tumeinuia nyumba ya marehemu Lashkaran, kwa mjane wake Bibi Mahpari, na Mungu ametufikisha. Hizo ndizo habari."

Nyuma ya mkeka Zarmalek akashika kifua.

"Karibu sana," Pirdad alisema taratibu. "Nyumba ya Mahpari iko ng'ambo ile mliyotoka."

"Ng'ambo ipi? Nimevuka mto, nimeshika kulia!"

"Mto umehama, ndugu yangu, mwaka wa tatu huu. Zamani ulipita kule kwenye barabara, ukivuka unamkuta Mahpari, kisha mimi. Sasa umepita katikati yetu. Ukivuka, kulia ni mimi."

"Nilipita mlangoni kwake?"

"Ulipita."

"Bila salamu?"

Mjomba Dadkarim alitazama mifupa ya mbuzi kwenye sinia kama vile yeye ndiye aliyemuua.

Kumbe ubaya ulikuwa haujaisha. Nyumba hizi mbili zilikuwa hazisemezani. Mwaka juzi mamba alimchukua mbuzi wa Pirdad, beberu wake mweupe aliyempenda, palepale ukingoni kwa Mahpari, na Mahpari alikuwepo. Mbuzi ni riziki, huenda. Lakini Pirdad alipokuja mbio na fimbo, akateleza, akakaa majini na kilemba kikamwendea mamba, Mahpari alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kimekaa kati ya nyumba mbili kupita mto wenyewe.

Asubuhi yake jua halijapanda, sauti ilitoka ng'ambo.

"Pirdad! We Pirdad! Wageni wangu umewala?"

Granaz alichungulia. Ni yule mama wa kipini, amesimama ukingoni, mikono kiunoni. Nyuma yake alisimama kijana mmoja wa kimo cha wastani, ndoo mkononi, ametazama chini. Kwa mbali vile huwezi kuona uso, unaona masikio tu. Yalikuwa makubwa.

"Wamekula chumvi yangu!" Pirdad alijibu kwa nguvu, ingawa alikuwa akijifanya anaongea na mitende. "Mgeni akila chumvi kwangu, siku tatu hatoki! Au unataka Kahurdap waseme Pirdad ameishiwa unga?"

"Nimechinja mbuzi jana! Nani amle?"

"Mpe mamba, si ndiye rafiki yako!"

"Sikia basi! Kesho adhuhuri! Kama sijawaona mlangoni kwangu, posa imekufa, nami nitaizika mwenyewe! Waambie hao watu wa pwani wasiojua kusalimia!"

Mjomba Dadkarim alijifunika shuka mpaka kichwani. "Nikienda kwake, nimemwaibisha aliyenilisha," alisema akiwa humo ndani. "Nikikaa, nimemwaibisha aliyenialika. Afadhali angenila huyo mamba."

Granaz hakuwa na shuka ya kujifunika. Alikuwa na siku moja na nusu, na nyumba aliyokuja kuitazama ilikuwa upande wa pili wa maji. Akirudi pwani posa imekufa, maneno yatamtangulia: binti fulani alikataliwa kwa sababu mjomba wake hakusalimia. Na akisema ndiyo leo, atakuwa amemkubali mtu mwenye masikio na ndoo.

Basi akachukua sindano. Zarmalek alikuwa anadarizi mfuko wa mbele wa gauni, ule mrefu, uzi mwekundu juu ya kitambaa cheusi. Granaz akashika upande mmoja wa kitambaa, akashona mshono mmoja, akasema kwa upole, "Mama Zarmalek, hao watu wa ng'ambo, kwani wakoje?"

Ilikuwa kama kutoa kizibo.

"Wakoje! Usiniulize, binti yangu, nitapata dhambi. Yule mama ulimi wake ungekuwa mundu, tungevuna tende za bonde zima. Kila kitu anakijua yeye. Ukipika anaonja sufuria yako kwa pua."

"Ni mchoyo?"

Zarmalek alisita, uzi mdomoni. "Mchoyo siyo. Hapana, niseme ukweli, mchoyo siyo. Nilipozaa yule wa tatu, siku arobaini alinipikia. Lakini kwa kelele! Hata uji wake una kelele."

Granaz akashona. "Na huyo mwanawe?"

"Shahdost? Mzembe. Mtume sokoni umngojee mpaka uote mvi. Kila mzee anayemkuta njiani anasimama kumsikiliza. Tena hana hata haya ya kiume. Mama yake alipovunjika mkono, kijana alikuwa anakanda unga mwenyewe, mlango wazi, watu wanapita! Mume wangu alicheka mpaka akakohoa."

"Mkate ulikuwaje?"

"Ulikuwa kama kwato za punda. Lakini alikanda mpaka mkono ulipopona."

"Na kitu akiwa nacho, anakitunza?"

"Hapo ndipo penyewe! Hatunzi. Ana mashine ya kuvuta maji, nzuri, ya nchi za nje. Unadhani iko wapi? Leo kwa huyu, kesho kwa yule, yeye mwenyewe ndizi zake zinakauka. Na jeuri je! Beberu wetu alipokufa, alituletea mwanambuzi, akamfunga hapo mlangoni. Mume wangu akamrudisha. Akamleta tena. Akamrudisha. Mara ya tatu mume wangu akamwambia, wewe una kichwa cha jiwe? Akasema ndiyo, mzee, nisamehe, akamchukua akaenda zake. Mtu gani huyo asiyejua hata kugombana?"

"Kweli," Granaz alisema. "Ni vibaya sana."

Zarmalek akainua macho. Alimtazama msichana yule kwa muda, kisha akaanza kucheka, tumbo likitikisika. "Ee! Kumbe unanichota kama kisima, na mimi nafurika tu!"

"Nisamehe, mama. Macho yangu hayavuki mto."

"Kwa jinsi unavyompenda mzazi wako, usimwambie Pirdad nimemsifu Mahpari habari ya uji."

Usiku Granaz alilala akiyapanga yale aliyosikia kama mtu anayechambua mchele: hii punje, hili jiwe. Mawe yalikuwepo. Ulimi wa mama mkwe ulikuwa jiwe, na ndizi zilizokauka nazo zilikuwa jiwe. Lakini neno halitoki kwa kusikia tu, ilibidi avuke.

Asubuhi ya mwisho jua lilipanda upesi kama limetumwa. Mjomba alikuwa amekaa ukumbini hajagusa chai. Pirdad naye alikuwa amekunja uso. Si mtu mbaya, ila alikuwa amepanda juu ya neno lake na sasa hakuona ngazi ya kushukia.

Granaz akavuta ushungi, akasimama penye mkeka.

"Baba Pirdad, naomba kuuliza. Sisi watu wa pwani huenda hatujui."

"Uliza, binti yangu."

"Huku kwenu mwenyeji humsindikiza mgeni mpaka wapi?"

"Swali gani hilo? Humsindikiza mpaka anakokwenda, akamkabidhi mkono kwa mkono. Anayemwacha mgeni njiani si Mbaluchi, ni dereva."

"Na huko njiani, mpaka akabidhiwe, bado ni mgeni wake?"

"Bado ni wangu! Akijikwaa, nimejikwaa mimi."

"Basi siku zako hazikatiki. Sisi tunakwenda kwa Bibi Mahpari. Tusindikize utukabidhi. Mpaka mkono wake ushike mkono wako, chumvi ni yako."

Pirdad aligeuka, akautazama mto. Nyuma ya mkeka Zarmalek alijiziba kicheko kwa ushungi.

"Mlangoni kwa Mahpari? Mimi?"

"Kama si vyema, baba, tutajiendea wenyewe. Mto si mkubwa. Mamba mwenyewe mpole."

"Mwenyewe mpo..." Pirdad alisimama, akaanza kufunga kilemba, raundi nne, raundi tano, kana kwamba anajifunga jeraha. "Dadkarim, ndugu yangu, huyu binti mmempa kula nini?"

"Samaki," alisema mjomba kwa unyonge.

Wakavuka wote: Pirdad mbele, mjomba, Granaz na kapu lake, Zarmalek mwisho, maana alisema afe kama atalikosa hili. Ng'ambo, Mahpari alikuwa amesimama kizingitini. Alimwona Pirdad, na uso wake ukapita rangi tatu. Lakini mtu akisimama mlangoni kwako amekuja na wageni, hata kama amemuua kaka yako, neno ni moja.

"Karibuni," alisema Mahpari, kama anang'oa jino.

Wakakalishwa. Maji yakaletwa. Na sasa kila mtu akatazama chini, maana jambo lililofuata lilijulikana: mkubwa wa msafara atoe habari. Na mkubwa wa msafara, kwa miaka na kwa kilemba, alikuwa Pirdad.

Pirdad alikohoa. "Habari ni njema," alianza. Akasimama. Kisha, kwa kuwa habari nusu ni sawa na uongo, na kwa kuwa hakuwa ametoa habari zake katika nyumba ile kwa miaka miwili, ikabidi aanzie alipoishia. Akasema mvua ya mwaka juzi. Akasema beberu mweupe, pembe zake, ndevu zake. Mjomba Dadkarim alitikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. "Mamba akamchukua. Nikaja mbio. Nikateleza. Nikakaa majini." Sauti yake ikatetemeka. "Na kilemba changu, kipya, cha kutoka mjini Chabahar, kikamwangukia mamba kichwani, naye akazama nacho. Akaibuka kule mbele, bado kakivaa..."

Mahpari alikuwa ameuma ushungi wake. Mabega yalimtetemeka. Kisha kicheko kikampasuka, kilekile cha mwaka juzi, kikubwa kama cha mtu aliyekifungia ghalani.

Pirdad alimtazama. "Alikivaa vizuri kuliko mimi," alisema kwa sauti ndogo, na akacheka yeye mwenyewe, mpaka akajipigapiga goti. Zarmalek alikuwa amekwisha lala chini.

"Nilicheka," Mahpari alisema akifuta macho, "kisha nikaona haya kuja kusema pole. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho ukapita mto katikati."

Wakala mbuzi wa juzi, ambaye Mahpari alikuwa amemkausha kwa chumvi kwa hasira. Shahdost ndiye aliyemimina maji ya kunawa. Alianza kwa Pirdad, akaja kwa mjomba, na alipofika kwa wanawake Mahpari akasema mbele ya watu wote, "Haya mtazame basi, si ndicho kilichokuleta? Au bado unatafuta nyumba?"

Kijana akawa mwekundu mpaka kwenye yale masikio. Granaz akanyoosha mikono chini ya birika, akamtazama kweli, kama alivyoambiwa na baba yake.

"Ukigombana na mtu," alimuuliza, "unanuna siku ngapi?"

Shahdost alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu hivi kwamba maji yalimwagika nje ya bakuli. "Sijui," alisema. "Mara nyingi nasahau kwamba nimenuna."

"Ni kweli!" Mahpari alidakia. "Inabidi nimnunie mimi kwa niaba yake. Nachoka!"

"Na mashine ya maji iko wapi leo?"

Hapo Shahdost akainua macho kwa mshangao, akamtupia Zarmalek jicho. Zarmalek akaangalia dari. "Iko kwa Mzee Murad. Itarudi Jumatano."

"Ndizi zako zitangoja Jumatano?"

"Hazitangoja," alikiri.

"Basi zilizo zako zinywe maji kwanza, ndipo uazime," Granaz alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesogeza mtungi usije ukapigwa teke. Shahdost akakubali kwa kichwa, na akaenda kujaza birika.

Alasiri mjomba alimwita Granaz pembeni, karibu na ukuta. Pikapu ingepita barabarani kabla ya jua kuzama. Alikuwa na wasiwasi hata kilemba kilimkaa upande.

"Mwanangu, nimekuharibia siku zako. Sijakuonesha chochote. Kama hujui, nitasema hapana, na lawama nitaibeba mimi."

Granaz alitazama ndani. Mahpari alikuwa anamfokea Zarmalek kwa kukata kitunguu vibaya, na huku anamfokea, anamjazia mtindi mara ya pili. Pirdad na Shahdost walikuwa wanabishana beberu wa rangi gani hunona zaidi, na Pirdad alikuwa anashinda kwa sababu mwenzake alikuwa anamkubalia kila neno. Granaz alijua ile kelele atakuwa anaisikia kila asubuhi ya maisha yake. Akaipima. Akaona masikio yake yanaweza kuibeba.

"Sema ndiyo, mjomba. Lakini baada ya mavuno ya tende, joto likipungua. Na baba yangu alete nguo zangu mwenyewe, aone mto."

Mjomba akaingia, akasema ndiyo. Safari hii alisema neno hilo tu. Vigelegele vikapanda, Zarmalek akiwa wa kwanza, na hata ng'ambo mtu ambaye hakujua kuna nini akajibu kwa vigelegele vyake.

Mahpari alimkumbatia Granaz mpaka kipini kikamchoma shavuni. Kisha akamwachia, akanyoosha kidole kwenye lundo la sinia na sufuria zenye mafuta ya mbuzi.

"Haya, mgeni ameisha. Vyombo vile vinakusubiri."

"Mwache!" Zarmalek alipiga kelele. "Huyo bado wangu! Siku zangu tatu hazijatimia, hata mkono hujampa Pirdad!"

"Nani amekuuliza wewe?"

"Chumvi imeniuliza!"

Granaz alikuwa amekwisha kunja mikono ya gauni. Alichuchumaa, akachota mchanga laini wa mtoni kwa kiganja, akaanza kusugua sinia la kwanza.